Wa Mwisho Kisimani

Jua la nchi ile halikuwa na adabu. Siku nyingine lilichomoza likakaa kitako juu ya mlima, likawatazama watu wakipanda, wakipalilia na kuvuna, na siku bado ni ile ile moja. Siku nyingine lilipita mbio kama mwizi wa kuku, mtoto akaota meno asubuhi na jioni yakamng'oka kwa uzee. Ndiyo maana katika nchi ile hakuna aliyemuuliza mwenzake ana umri gani. Waliulizana tu, umebeba nini, na unakipeleka wapi. Na nchi yenyewe haikuwa na jina. Ilikuwepo, ililimwa, ilizikiwa watu, ilililiwa na waliokuwa mbali nayo, lakini ukitaka kuitaja ulinyoosha kidole chini ukasema, "Hii."

Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuipa jina. Juu ya kilima wanaume walikuwa wamekwisha kukaa kwenye viti, na katikati ya viti walisimamisha mlingoti. Palikuwa na mgeni mmoja, Bwana Mpimaji, aliyefika na kamba ndefu begani na tabasamu fupi mdomoni. Huyo ndiye aliyewaambia: "Kivuli cha mlingoti kikiingia chini ya mlingoti wenyewe, na maji ya jina hayajafika, nchi itaitwa kwa jina langu." Wazee walikubali. Walikubali kwa sababu ndivyo desturi ilivyosema: mtoto asiyeguswa midomo kwa maji ya jina huitwa kwa jina la yeyote aliyemshika, na anayeitwa kwa jina lako, ukimwambia lala, hulala. Tena walikubali bila wasiwasi. Maji yataletwa. Lini wanawake walishindwa kuleta maji?

Kazija alikuwa chini ya kilima, kisimani, na mtungi wake mtupu miguuni.

Tangu asubuhi alikuwa akiwatwika watu. Mtungi uliojaa haumwinukii mwenye nao. Akijaribu, ama utamvunja shingo ama atauvunja. Kwa hiyo wanawake wa nchi ile waliishi kwa sheria moja ambayo hakuna aliyefundishwa na wote waliijua: anayechota hutwikwa na aliye nyuma yake. Aliye nyuma hushika mtungi huku, mwenye nao hushika kule, hawahesabu, wanavuta pumzi pamoja tu, na mtungi unapanda, unapita magoti, unapita kifua, unatua kwenye ngata, ile duara ya khanga iliyosokotwa inayokaa kati ya utosi na mzigo. Aliyetwikwa hasemi ahsante. Ahsante ingemtikisa shingo, maji yangemwagika. Huondoka zake, na deni lake hulilipa kwa mwingine, siku nyingine.

Lakini sheria hiyo ilikuwa na tundu. Wa mwisho hana aliye nyuma yake. "Wa mwisho hatwikwi," walisema wanawake, wakacheka, na kila mmoja akajitahidi asiwe yeye.

Kazija hakujitahidi. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: hakuwapisha watu kwa wema, aliwapisha kwa haya. Akisukumwa, alisogea. Akiulizwa, aliangalia vidole vyake vya miguu kana kwamba jibu limeandikwa huko kwa vumbi.

"Kazija, wewe ni mtu au kigingi?" aliuliza Mwanashamba, mwanamke mwenye sauti ya kufukuzia ndege mpungani. "Wenzio tunakwenda kushika nafasi za mbele, tuione nchi ikipewa jina. Wewe utaona visogo."

"Mwache huyo," alisema mwingine. "Mama yake alimbeba miezi kumi na miwili. Alikuwa anangoja wenzake wazaliwe kwanza."

Wakacheka wote, na Kazija naye akacheka, mkono mdomoni. Kisha akainama, akashika mtungi wa Mwanashamba huku, Mwanashamba akashika kule, wakavuta pumzi, ukapanda.

"Na wewe nani atakutwika?" aliuliza Mwanashamba, sasa akiwa chini ya mzigo, macho tu ndiyo yanatembea.

"Atakuja mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Haya, shoga yangu. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," alisema Mwanashamba, akapanda kilima, na nyuma yake pakabaki harufu ya udongo uliolowa, na Kazija.

Akatumbukiza kibuyu cha kuchotea. Kamba ilikwenda, ikaenda, ikaenda tena, mpaka kibuyu kikagonga jiwe. Kisima kilikuwa kimeisha. Yalibaki ya chini kabisa, na alipoyavuta aliona kwamba hayakuwa maji kama ya wenzake. Yalikuwa meusi lakini safi, mazito kama asali, na yalinukia kama ardhi inavyonukia tone la kwanza la mvua linapoiangukia. Kazija akakaa chini. Aliyajua. Kila mtoto wa nchi ile aliambiwa tangu ziwa la mama: maji ya jina ni yale ya chini, yanayobaki wote wakisha kuchota.

Wote waliambiwa. Mwanashamba aliambiwa, na yule wa mzaha wa miezi kumi na miwili aliambiwa. Na kila mmoja, akiwa anachota yake, alisema moyoni, nyuma yangu yupo mtu. Kila mmoja alijua, akamwachia wa nyuma yake ajue zaidi. Sasa wote walikuwa njiani kuelekea juu na maji mazuri ya kupikia, maji ya kunawia, maji ya kuoshea masufuria ya karamu, na maji ya jina yalikuwa chini, kwa mwanamke ambaye hatwikwi.

Aliita. Sauti yake ilitoka kama sisimizi anayetoka tunduni, akatazama huku na huku, akarudi ndani. Juu ya kilima aliuona mlingoti, mwembamba kama mfupa wa samaki, na kivuli chake kilikuwa kinajikunja polepole kama mkeka unaokunjwa baada ya wageni kuondoka.

Akajaza mtungi. Akapiga magoti, akaukumbatia, akavuta pumzi peke yake. Ukafika magotini. Akavuta tena. Ukafika kifuani, na hapo ukakaa, ukawa mzito kuliko maji yote, ukamwelemea kama mtu anayetaka kumwambia siri. Alisikia vitu ndani ya mtungi. Majembe. Kwato. Mtu anamwimbia mtoto. Mtu anafungiwa mlango. Ngoma ya harusi, na ngoma ya msiba, na haikuwezekana kuzitenganisha. Akautua chini.

Akawaza, ninayewatwika watu, mimi niko wapi? Aliyefika juu alionekana akifika, kwa hiyo aliimbwa. Mikono iliyomwinulia ilibaki huku, imelowa, ikajifuta kwenye khanga. Nani aliiimba mikono? Na kama kila aliyebeba alitwikwa, basi nchi haikubebwa na vichwa. Nchi ilibebwa na ile pumzi, ile pumzi moja ya watu wawili, kabla ya hatua ya kwanza. Lakini pumzi hiyo inataka wawili. Mimi ni mmoja. Mmoja si nusu ya wawili. Mmoja ni mmoja tu, na mtungi ni mtungi, na kivuli kile pale kinakunjwa.

Hapo akasikia miguu.

Haikuja kutoka kilimani. Ilikuja kutoka upande wa pili wa kisima, upande wa makaburi, ambako njia ilikwenda na haikuwahi kurudisha mtu. Walikuwa wanawake watatu. Aliyetangulia alikuwa mrefu, peku, hana taji, lakini hata nyasi zilimpisha. Wa pili alikuwa mnene, ana unga mpaka viwikoni, anacheka kabla hajafika. Wa tatu alikuwa mdogo, mgongo umepinda, mikono inang'aa kwa mafuta ya nyonyo.

"Shikamooni," alisema Kazija, macho chini.

"Marahaba," waliitikia.

"Anavisalimia vidole vyake," alisema yule mnene. "Marahaba, vidole! Hamjambo huko?"

Kazija aliwajua. Aliwahi kusikia habari zao katika hadithi za kilimani, ingawa humo walipita upesi: palikuwa na malkia, palikuwa na muuza maandazi, palikuwa na mkunga, basi, na hadithi ikaendelea na wanaume. Mrefu alikuwa Nyambeho, malkia. Mnene alikuwa Bi Mashavu wa sokoni. Mdogo alikuwa Bi Semeni, mkunga. Walikufa nyakati mbalimbali, mmoja kabla mwenzake hajazaliwa, lakini walitembea wameshikana kama wanaotoka harusi moja.

"Unangoja nini, mwanangu?" aliuliza Nyambeho.

"Siwezi kujitwika."

"Nani kakwambia mtu hujitwika?" alisema Bi Mashavu. "Mimi na mapaja yote haya sikujitwika hata siku moja."

Wakakaa kwenye ukingo wa kisima, kama watu wenye siku nzima, na Kazija akaona aibu kuwaambia kwamba kivuli kinakwisha. Nyambeho ndiye aliyeanza, kwa sauti ya mtu asiyelazimika kuipandisha. "Walikuja wageni na kiti chao, wakakiweka mbele yangu, wakaniambia nikipigie magoti. Nikawaambia magoti yangu yanajua kukunjwa kwa kuzaa na kwa kumwomba Mungu, ya tatu hayajui. Nikakaa chini, palepale mavumbini. Watu wangu waliponiona nimekaa, wakakaa. Mlima mzima ukakaa. Wakabaki wao wamesimama na kiti chao na jua lao. Binti yangu, hujaona kichekesho kama jeshi lililosimama mbele ya nchi iliyokaa. Hawakujua wampige nani. Wakakibeba kiti, wakaondoka."

"Mimi sikuwa na watu," alisema Bi Mashavu. "Mimi nilikuwa na maandazi. Wakasema nusu ya soko ni ya askari. Nikakipindua kikapu changu, nikakikalia. Mwenzangu wa mchicha akacheka, akapindua chake. Wa samaki akapindua. Ilipofika saa ya chakula cha mchana soko zima limekaliwa, na serikali ina njaa. Yule mkubwa wao akaja mwenyewe, tumbo linanguruma mpaka mbwa anabweka. Akaniambia, mama, naomba andazi. Nikamwambia, baba, nakuomba nchi."

"Akajibuje?" aliuliza Kazija, akashtuka kwamba ameuliza.

"Alikuwa mtu mwenye tumbo. Angejibuje?"

Walicheka mpaka Bi Semeni akashika mbavu. Kisha yeye akasema, taratibu, akiisugua mikono yake. "Siku zangu hakukuwa na mgeni. Ni sisi wenyewe, wa mashariki na wa magharibi, mikuki kwa mikuki, kila upande unasema wale si watu. Nikaenda nikasimama katikati ya uwanja. Nikaanza kuwaambia walivyozaliwa. Wewe jemadari ulitanguliza miguu, nikakugeuza kwa mkono huu. Wewe pale hukulia mpaka nilipokuchapa matako. Wewe na yule unayetaka kumchoma mlizaliwa alfajiri moja, nikawafunga kitovu kwa uzi mmoja kwa sababu uzi ulikuwa umeisha. Nikawataja wa huku na wa kule. Nani anaweza kuua watu huku anatajwa matako? Mikuki ikaanza kuinama yenyewe."

Kazija aliwatazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutazama vidole. Akauliza lile lililokuwa limemkaa kooni kama mwiba. "Na nyinyi, nani aliwatwika?"

Nyambeho aliugusa mdomo wa mtungi.

"Mimi nilikuwa wa mwisho," alisema Nyambeho. "Wote walikuwa wamekwisha kupanda."

"Na mimi," alisema Bi Mashavu, na safari hii hakucheka.

"Na mimi," alisema Bi Semeni. "Unadhani kwa nini wanatukumbuka? Si kwa nguvu. Kila zama kuna anayebaki kisimani na mzigo usiobebeka, na yeye ndiye mwenye maji ya chini. Alikuja wa kabla yangu, akanitwika."

"Na wa kabla yako?"

"Akaja wa kabla yake."

"Na wa kwanza kabisa?"

Bi Semeni aliweka kiganja ardhini, kama unavyowekwa mkono kwenye tumbo la mja mzito. "Wa kwanza kabisa hajatwikwa mpaka leo. Bado amepiga magoti mahali fulani, anavuta pumzi. Ukilala kifudifudi utamsikia."

Wakainuka. Nyambeho akashika mtungi huku, Bi Mashavu kule, Bi Semeni akamwekea Kazija ngata utosini, akaibonyeza kwa vidole kama anayetafuta utosi wa mtoto mchanga. "Mimi sijui kusema mbele za watu," alisema Kazija haraka haraka, kwa hofu. "Hata kama nitafika. Kuna wanaume, kuna mgeni, watataka niseme."

"Nani kakuomba useme?" alisema Bi Mashavu. "Vuta pumzi."

Akavuta. Wakavuta. Mtungi ukapanda, ukapita magoti, ukapita kifua, ukatua. Na haukuwa mwepesi, mtu asidanganywe. Ulikuwa na uzito ule ule, ila sasa uzito ulikuwa umepata mahali pake. Hakusema ahsante. Hakuweza kugeuka kuwaona wakirudi.

Akapanda. Hatua moja ilikuwa hatua yake. Iliyofuata ilikuwa ya peku mmoja mrefu. Iliyofuata ilikuwa nzito, ya mapaja, na unga ukaanguka njiani. Mkono ulioshika mtungi ulinukia nyonyo. Alipita msimu wa mvua, akatoka upande wa pili nguo zimekauka. Alipita mji unaoungua, na mtu mmoja katikati ya moto akampisha. Alipita shule ambayo bado haijajengwa, watoto ambao bado hawajazaliwa wakamchungulia madirishani. Mimi ni nani sasa? Alijiuliza, na shingo ikamjibu: wewe ni yule anayebeba. Mengine utaulizwa ukishatua.

Karibu na kilele aliwakuta wenzake wamekaa kando ya njia, mitungi imetuliwa, nyuso zimekwisha damu. Walikuwa wamefika juu na maji yao, na wazee waliyaonja, wakasema haya ni ya kupikia. Hapo ndipo kila mmoja alipogeuka nyuma kumtafuta wa nyuma yake.

"Kazija!" Mwanashamba aliruka. "Nani kakutwika?"

Kazija hakuweza kutikisa kichwa wala kugeuka. Maji meusi yalicheza ukingoni mwa mtungi, harufu ya mvua ya kwanza ikawapiga puani, na Mwanashamba akaelewa kabla hajaambiwa. Akafungua ile sauti yake ya kufukuzia ndege, akaifungua yote. "Pisheni! Pisheni nyinyi! Mwenye maji anapita!" Vigelegele vikapanda kilima, vikamtangulia.

Juu, kivuli kilikuwa kimebaki unene wa kidole. Bwana Mpimaji alikuwa amesimama, kamba mkononi, na mdomo wake umekwisha kufunguka kwa mwanzo wa jina lake. Watu walipomwona Kazija wakamiminika, wakauzunguka mlingoti, wakakanyaga chini yake pote, hata hakuna aliyeweza kuona kivuli kimefika au hakijafika.

"Tua hapo," alisema Mzee Kilasi, mkuu wa wazee, akinyoosha fimbo bila kuinuka kitini.

Kazija alisimama. Aliwaona wanaume kwa chini, kwa pembe ya jicho, viti na magoti na viatu. "Nitueni," alisema.

"Tua, binti, saa inakwenda."

"Mwenye mtungi hajitui, mzee," alisema, na hakujua sauti hiyo ilikuwa ya nani, ila ilikuwa imetoka kinywani mwake na haikurudi tunduni. "Nitueni."

Mzee Kilasi akawatazama wanawake. Wanawake wakakunja mikono.

"Inukeni, baba zetu," alisema Mwanashamba. "Viti havitakimbia."

Wakainuka. Wazee wa nchi wakainuka kwenye viti vyao, mmoja baada ya mwingine, hawajui washike wapi, mmoja akashika mdomo wa mtungi akakemewa, mwingine akashika tako lake akasifiwa. Wakaushusha wakiguna, magoti yakilia kama milango ya zamani, maji yakiwaruka kwenye kanzu.

"Uzito gani huu?" alihema Mzee Kilasi.

"Ndiyo nchi, mzee. Siku zote ulikuwa umeikalia tu."

Hakuna aliyejua nani kasema hilo, na watu walicheka sana, hata mzee mwenyewe akacheka, akajifuta paji la uso kwa kanzu iliyolowa.

"Kivuli kimefika!" alipiga kelele Bwana Mpimaji. "Kimefika zamani!"

"Kivuli gani?" waliuliza watu, wakitazama miguu yao, na kamba ikamlegea mkononi.

"Haya, aliyebeba ndiye anayeita," alisema Mzee Kilasi, sasa akiwa amesimama kama wengine. "Sema jina, binti. Sema kwa sauti, watu wote wasikie."

Macho yote yakamwangukia, na Kazija akahisi ile haya yake ikipanda kutoka vidoleni, ikapanda magotini, ikapanda kifuani, kama mtungi. Akaiacha ipande. Akaiacha itue mahali pake.

"Mtoto hapigiwi kelele siku ya kwanza," alisema. "Jina lake hunong'onezwa."

Akapiga magoti. Akachota kwa viganja, akaimwagia ardhi maji, na ardhi ikayanywa kwa sauti, kama mwenye kiu ya miaka. Akalala kifudifudi, shavu kwenye matope, mbele ya viti vyote vitupu. Akasikiliza kwanza. Kisha midomo yake ikacheza.

Alisema nini, hakuna aliyesikia. Waliosimama karibu wanaapa hawakusikia. Lakini Mzee Kilasi, ambaye hakusikia, aliinua kichwa ghafla kama mtu aliyeitwa na mama yake akiwa mchezoni, akasema, "Naam!" Mwanashamba akasema, "Labeka!" Wakaitika wanawake wa kisimani, labeka, labeka. Wakaitika vijana. Vipofu wakageuka upande ule ule mmoja. Huko bondeni watu waliokuwa wamebaki na wagonjwa wakatoka milangoni wakaitika, na kutoka upande wa makaburi pakasikika sauti za wanawake, zamani juu ya zamani, zinaitika kwa furaha, na chini ya zote ardhi yenyewe, nzito, polepole, ikaitika.

Bwana Mpimaji aligeuka huku, akageuka kule.

"Nani ameita?" aliuliza. "Jamani, mbona mimi sikusikia kitu? Nani ameita?"

Walioitwa walikuwa wanaitika bado.